Mbegu za mboga za bei nafuu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mwenye matuta matatu nyuma ya nyumba, au viroba kumi vya udongo kibarazani, hanunui mbegu kama mkulima wa ekari. Duka la pembejeo, hata hivyo, limepangwa kwa ajili ya huyo wa ekari: vibati vya gramu 100 na kuendelea viko mbele, chotara (mbegu zilizozalishwa kwa kupandanisha aina mbili) za bei kali ziko usawa wa macho, na pakiti ndogo zimening'inia pembeni ambako muuzaji hakuelekezi mpaka uulize. Hapa namwandikia mwenye matuta matatu. Nimepanga kuanzia kile kinachostahili pesa yako ya kwanza hadi kile ambacho sikushauri ukiguse, na nimefikiria zaidi Dar es Salaam na mwambao, kwa sababu joto na unyevu wa huku ndivyo vinavyovuruga hesabu za wengi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina punje kama 300. Familia ya watu watano ikipata mashina 12 yaliyotunzwa vizuri, inakula nyanya hadi inagawa kwa majirani. Kwa hiyo pakiti ya gramu 5 tayari ni nyingi kupita mahitaji. Tuseme pakiti hiyo ni shilingi 2,500 na kibati cha gramu 100 ni shilingi 20,000. Muuzaji atakuambia kweli tupu kwamba kwenye kibati gramu inatoka shilingi 200 badala ya 500. Lakini wewe huli gramu, unakula nyanya, na gramu 95 zitabaki kabatini zikizeeka. Mbegu za kitunguu maji zina nguvu kwa mwaka mmoja hivi tu. Bamia na hoho ni kama miaka miwili, karoti mitatu, nyanya na kabichi minne, tango hata mitano, na hiyo ni zikihifadhiwa pakavu na penye ubaridi. Pwani, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa jikoni haifiki huko.

1. Mboga zisizohitaji mbegu

Nafasi ya kwanza naipa kitu kisichouzwa dukani. Matembele huoteshwa kwa marando na kisamvu kwa pingili za shina, na vyote viwili utavipata bure au kwa bei ya kumshukuru mtu. Omba marando yenye urefu wa kiganja na nusu hivi, toa majani ya chini, fukia theluthi mbili ardhini, mwagilia wiki ya kwanza bila kukosa. Ndani ya mwezi unaanza kuchuma, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotambaa.

Kwa kuwa ni bure, watu huchukua bila kuangalia, na hapo ndipo hasara huingia. Rando likitoka kwenye mmea wenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka ya manjano, umehamishia virusi kwako. Kwa kisamvu, angalia batobato kwenye majani ya mmea mama na michirizi ya kahawia kwenye shina. Ukiona dalili hizo, shukuru kwa adabu na utafute kwingine.

2. Pakiti ndogo iliyofungwa, ya mbegu za kawaida

Kama utanunua kitu kimoja tu dukani, nunua hiki. Mbegu za kawaida ni zile zisizo chotara, ambazo bwana shamba huziita OPV. Bei yake ni ndogo, hazidai mbolea nyingi, na mazao yake unaweza kuyakamua mbegu za msimu ujao zikafanana na mama yake.

Anza na mboga za majani. Mchicha ndio unaolipa haraka kuliko wote, wiki tatu hadi nne tangu kusia. Gramu moja inapita punje elfu moja, hivyo changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo nusu ya pakiti itaangukia sehemu moja. Ukikuta Madiira, ichukue: ni mchicha wa majani mapana uliotokana na kazi iliyofanyika Arusha, ambako World Vegetable Center, shirika la kimataifa la utafiti wa mboga, ina kituo tangu 1992 na utafiti wa mboga wa serikali uko jirani, Tengeru. Huko huko zilitoka nyanya za Tanya na Tengeru 97, ambazo bado nazipendekeza kwa bustani ya nyumbani. Ganda lake ni gumu, zinakaa siku nyingi baada ya kuchumwa, na si chotara. Kwa nyanya chungu tafuta Tengeru White. Kwa bamia, Clemson Spineless au Pusa Sawani hazina shida na joto la pwani. Loweka bamia usiku mmoja kabla ya kupanda, ganda lake ni gumu.

Spinachi inayouzwa kwetu, kwa mfano Fordhook Giant, inafaa sana kwa mwenye nafasi ndogo kwa sababu unachuma majani ya nje kwa miezi. Kila punje yake ni kifungu chenye mbegu zaidi ya moja. Usishangae kuona miche miwili au mitatu ikitoka shimo moja. Punguza, ubakishe wenye nguvu. Ukijua hivyo, pakiti moja inakwenda mbali kuliko ulivyodhani.

Sukuma wiki ni rafiki wa kila bustani, lakini hii utainunua tena na tena. Ili itoe maua inahitaji kipindi cha baridi ambacho Dar haina. Kabichi, karoti na kitunguu maji ziko hivyo hivyo. Nasema haya kwa sababu mwenye bajeti ndogo afadhali agawe pesa yake mapema: mchicha, kunde, bamia, mnavu, mlenda na nyanya ya kawaida ananunua mara moja kisha anajikamulia, hizo nyingine ni gharama ya kila msimu.

Na kabichi na karoti, kwa mtu wa Dar, nashauri aziache. Pakiti ya karoti ni rahisi, lakini karoti inapenda ubaridi wa Lushoto, Njombe au Mbeya. Mbegu isiyopenda hali ya hewa yako ni ghali hata ukipewa bure.

Ukishika pakiti mkononi, igeuze nyuma. Unatafuta jina la aina, namba ya kundi la mbegu, asilimia ya uotaji, tarehe ya kupimwa na mwisho wa matumizi. Tanzania msimamizi wa ubora ni TOSCI, yenye makao Morogoro, na lebo yake ina namba ya kukwangua ili uhakiki kwa simu. Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS, na namba uliyoikwangua unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Angalia pia pakiti ilikuwa imekaa wapi. Ile iliyopigwa na jua kwenye kioo cha mbele miezi kadhaa, tarehe yake inaweza kuwa nzuri na mbegu zikawa zimekufa.

3. Miche ya kitaluni

Kwa nyanya, hoho, biringanya na pilipili, mara nyingi miche ni nafuu kuliko mbegu, ingawa mche mmoja mmoja unaonekana ghali. Unahitaji mashina 12, basi nunua miche 15, upate na ya akiba. Umeokoa wiki nne za kumwagilia kitalu, na kama ni chotara umepata faida yake bila kununua pakiti nzima. Chagua mche mfupi mnene wenye rangi ya kijani iliyokolea, sio ule mrefu mwembamba ulioukimbilia mwanga. Geuza majani uangalie inzi weupe, maana hao ndio wabebaji wa virusi vya kukunjamanisha majani ya nyanya. Mche ulio tayari na maua kwenye kikopo kidogo umechoka. Uache.

4. Mbegu za kuazimiwa ubora, na za jirani

Mbegu za daraja la kuazimiwa ubora huzalishwa na wakulima wenyewe, vikundi kwa watu binafsi, chini ya ukaguzi, na huuzwa karibu na zinakozalishwa. Ni nafuu na zimezoea udongo wa eneo hilo. Kwa mboga za asili kama mnavu, mgagani na kunde za majani hapa ndipo pa kuangalia, kwani maduka mengi hayajazi rafu kwa mboga hizi. Muulize ofisa ugani wa kata yako nani anazizalisha. Maonesho ya Nane Nane nayo ni nafasi nzuri sana: unakutana na wazalishaji ana kwa ana, unaona mmea umesimama kwenye kipando, na pakiti za majaribio huwa zipo.

Za jirani nazo nazipa heshima yake. Aliyekamua mbegu za mchicha mwenyewe anajua zilizaa vipi. Kunde tu ndizo za kuangalia kwa makini: punje yenye tundu imeshaliwa na fukusi, na ukiiweka pamoja na nyingine wiki chache baadaye hamna kitu.

5. Mbegu zilizoko jikoni

Giligilani nzima inayouzwa kwa wauza viungo huota, mradi haikukaangwa na si ya zamani. Punje moja ni mbegu mbili zilizobanana, zisugue taratibu kati ya viganja zitengane. Sia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, hasa miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, na mahali penye kivuli cha mchana. Joto likizidi hukimbilia maua. Kwa bei ya mfuko mmoja wa kiungo unapata bustani ya mwaka.

Boga lililokomaa sokoni pia ni mbegu, na kwa anayetaka majani ya maboga hakuna haja ya kuchagua sana. Nyanya ya sokoni ni habari nyingine. Nyingi ni chotara, na watoto wa chotara hawafanani na mama. Unaweza kupata mmea, lakini usijue utazaa nini.

6. Chotara, yaani F1

Naziweka hapa chini kwa ajili ya bei, ubora wake sina shaka nao. Chotara nzuri ya nyanya kama Anna F1 au Assila F1 inazaa sana ikitunzwa, na zipo zinazostahimili baadhi ya magonjwa ambayo yangemaliza Tanya yako. Ila punje zake huuzwa kwa kuhesabiwa, zinadai mbolea, vijiti na uangalizi wa kila siku, na msimu ujao unarudi dukani. Nunua pakiti ndogo kabisa kama udongo wako umeshakuulia nyanya misimu miwili mfululizo, na usome kwenye pakiti inastahimili ugonjwa upi hasa. Chotara isiyostahimili ugonjwa ulio kwako haikusaidii. Kama sababu hiyo hauna, kaa na mbegu za kawaida.

7. Kibati

Kina maana mkiwa watu. Majirani sita, kikundi cha akina mama, shule yenye bustani: nunueni pamoja, gawaneni siku hiyo hiyo, kila mmoja aandike jina la aina na tarehe kwenye bahasha yake. Mbegu nyingine zimepakwa dawa ya kuzuia ukungu na zina rangi ya waridi, kijani au bluu. Hizo zigawe kwa kijiko, sio kwa mkono mtupu, na kuku wasizifikie.

8. Za kuacha

Mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kibati kilichofunguliwa dukani usinunue, hata muuzaji awe rafiki. Tangu kifuniko kitoke, hakuna lebo inayozilinda. Huwezi kujua zimekaa wazi muda gani, wala kama zimechanganywa na za mwaka juzi.

Vilevile pita mbali na mbegu za mtandaoni zenye picha za stroberi za bluu na nyanya za rangi saba. Na ndugu akitoka Uingereza au Dubai na pakiti za zawadi, mwambie mapema asibebe. Kuingiza mbegu kunahitaji kibali na cheti cha usafi wa mimea, na sheria hiyo ina sababu: magonjwa na magugu mageni husafiri hivyo hivyo, ndani ya pakiti nzuri. Isitoshe, aina nyingi za Uingereza zimezoea siku ndefu na ubaridi.

Kapu la kuanzia

Kwa mtu wa Dar anayeanza mwezi Mei mwishoni, masika yanapopungua, mimi ningechukua pakiti moja ya mchicha, moja ya spinachi, moja ya bamia, miche 15 ya nyanya, marando ya kuomba na giligilani ya kwa muuza viungo. Pakiti tatu tu za kulipia, na utakuwa unachuma kabla ya Julai.

Kabla ya kusia mbegu yoyote iliyobaki ya zamani, hesabu punje 10, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye kivuli. Zikiota nane au zaidi kwa siku saba hadi kumi, endelea kama kawaida. Zikiota tano, sia mara mbili ya kawaida. Chini ya tatu, nunua mpya. Zinazobaki ziache kwenye pakiti yake, ikunje, itie ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana pamoja na kijiko cha mchele mkavu uliokaushwa motoni ukapoa, na chupa uiweke kwenye friji, sehemu ya chini, mbali na barafu. Ukiitoa, iache ifikie joto la chumba ndipo uifungue, ili unyevu usitue juu ya mbegu.