Mkasi wa Daktari kwa Picha za Vivuli: Nimeununua, Nimeukasirikia, Sasa Sitaki Mtu Aushike

Haya jamani, mambo vipi, karibuni tena. Leo salamu fupi kwa sababu nina ugomvi na huu hapa. Subirini kamera ikamate... huu. Mkasi mdogo wa upasuaji, ule wa kukatia nyuzi. Tangu ile video ya kukata picha za vivuli, yaani umbo la uso wa mtu kwa upande, kwa karatasi nyeusi, mnaniuliza, dada unatumia mkasi gani? Nikasema ngoja ninunue wanaousifia wakataji wa Ulaya. Urefu wake na aina ya chuma siwasomei, imeandikwa kwenye pakiti.

Ugomvi wangu ni haya matundu ya vidole. Tazama. Kidole gumba kimeingia, kutoka hakitaki. Huu umetengenezwa kwa mtu mwenye vidole vya tambi! Siku ya kwanza nilikata dakika kumi nikautupa kwenye droo. Siku ya tatu nikauchukua tena. Sasa nitawaonyesha kwa nini, na hapa msirukeruke, maana ndiyo video yenyewe.

Mpwa wangu, njoo ukae. Upande. Tazama mlangoni, usicheke.

Mkasi una makali mafupi na mikono mirefu, mnaona? Mikasi ya shuleni ni kinyume chake. Nashika karatasi mkono wa kushoto, naanzia chini, kifuani. Sichori kwanza, hakuna penseli hapa. Sasa angalieni mkono wa kulia: hautembei. Umekaa palepale, unafungua, unafunga. Anayetembea ni wa kushoto, anazungusha karatasi. Kifua, shingo, naingia chini ya kidevu, karatasi inageuka... kidevu hicho.

Midomo sasa. Sogeza kamera, sogeza. Kati ya mdomo wa juu na wa chini pana kijinafasi kama punje ya mchele, na pale ndipo mkasi mrefu unapokuaibisha: unaingia vizuri, ukitaka kugeuka makali yameshapitiliza, mtoto anaonekana ana kidonda. Huu nafanya kazi na ncha tu, milimita mbili, tatu. Naingia... nageuza... natoka. Mmeona? Sijakata pumzi bure. Pua: hapa usifunge mkasi mpaka mwisho. Ukifunga kabisa halafu ufungue tena, unaacha jino, na pua inakuwa ya mamba. Funga nusu, sukuma, funga nusu. Kiungo chake hiki, hii skrubu, hakichezi hata kidogo, ndiyo maana mkono unakuwa mwepesi. Paji la uso limenyooka, hilo halina kazi.

Nywele. Huyu wiki iliyopita alikuwa na twende kilioni, nikamwambia hapana, rudi wakisuka mabutu. Kwenye kivuli twende kilioni yote inalala kichwani, mtu ataona kipara. Mabutu yanasimama, kila moja lina umbo lake. Moja... mbili... hii ya tatu nimeipunja kidogo, utanisamehe mpwa. Haya. Nageuza upande mweusi. Si yeye huyu? Dakika mbili na nusu, na maneno yangu yote.

Tena mjue hii kazi haikuwa ya mabibi wa Ulaya peke yao. Philadelphia, Marekani, mwaka 1803, mkataji aliyekuwa na foleni ni Moses Williams, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, mali ya mchoraji Charles Willson Peale, halafu akaachwa huru. Alikaa kwenye makumbusho ya Peale. Kifaa kinaitwa physiognotrace kinafuatisha uso wa mgeni kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa mara mbili, Moses anakata mara moja, zinatoka picha nne. Senti 8. Mwaka ule mmoja zilitoka zaidi ya 8,000! Mimi juzi nimekata kumi na moja nikaomba mafuta ya kuchua.

Na yeye alikata kinyume na hivi nilivyokata. Kichwa chenyewe kinadondoka, kinatupwa. Anayobaki nayo ni karatasi nyeupe yenye tundu, nyuma yake kinawekwa kitu cheusi. Tujaribu. Unatoboa katikati, pap, bila kuchana. Mkasi wa kucha ulinichania karatasi tatu hapa. Huu... umepita. Ncha imeingia kama sindano. Aisee, haya matundu ya vidole nimeanza kuyasamehe.

Lakini chunga. Wa kwanza niliouziwa, duka silitaji, ncha zake zilikuwa zinapishana. Dukani omba tishu, ilowanishe, kata kwa ncha kabisa. Ikikatika safi, lipa. Ikijikunja katikati ya makali, mrudishie mwenyewe. Muuzaji akikununia, mwache anune. Na ukimaliza kukata, futa. Huku kwetu pwani hata vile vilivyoandikwa havishiki kutu vinashika.

Bei, najua mnasubiri. Mimi elfu kumi na tano. Ile seti ya mikasi mitatu yenye mikono ya plastiki ya rangi ni elfu kumi na mbili, na nilishawaambia inunueni. Nafuta kauli. Watatu wale hawamfikii huyu mmoja. Kuna wanaoniambia niache ushamba, ninunue mashine ya kukatia stika. Kwa bei ile napata friji. Halafu mashine haimwangalii mtu usoni, inataka umpige picha kwanza, uifanyie kazi kwenye kompyuta... mgeni ameshaondoka.

Karatasi ni ya kwako. Manila nyeusi ni nene, ukikunja mara mbili vidole vinalia. Tafuta nyembamba, iliyo nyeusi upande mmoja, kunja weusi uwe ndani, utabaki na nakala. Hilo la nakala alilifanya sana Mfaransa Auguste Edouart. Kila aliyemkata alibaki na kivuli chake, kabandika kwenye albamu, kaandika na jina. Miaka kumi yuko Marekani anakusanya. Mwaka 1849 anarudi Ulaya, meli ikavunjikia karibu na kisiwa cha Guernsey, sehemu kubwa ya zile albamu ikaenda na maji. Mimi mwezi jana memori kadi imeniharibikia na video tatu, nililia kama nimefiwa, basi huyo je?

Ndiyo sababu Alhamisi mbili hamkuniona, sikuwa nimesusa. Kuanzia sasa tunahamia Jumapili jioni, bonyezeni kengele. Maikrofoni mpya inakuja, hii najua inakoroma.

Kwa hiyo kama una vidole vinene, zungushia matundu... hapana, huwezi, yatazidi kubana. Fanya hivi: kidole gumba usikiingize chote, ishie kwenye ukucha tu. Nimegundua sasa hivi nikiwa nawaonyesha! Tazama, kinatoka chenyewe.

Mpwa, kaa tena, tulirudie lile butu la tatu.