Basi la usiku kutoka Dar es Salaam hadi Himo: tathmini ya abiria wa Desemba

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam, na kwetu ni Marangu, ambako ukoo mzima hukutana kila Krismasi. Watani wetu husema kwamba Wachaga hupanda Moshi kila Desemba kwenda kuhesabiwa, nasi hatujawahi kukanusha. Kwa hiyo ninapolipima basi, ulaini wa viti na ukubwa wa runinga ni mambo ya baadaye. Kwanza nataka kujua kama litanifikisha kabla mbuzi hajachinjwa. Kampuni niliyosafiri nayo mwaka jana sitaitaja, kwa kuwa sehemu ya maelezo haya ni lawama na sijausikia upande wao.

Tiketi nilikata katikati ya Novemba, siku mbili baada ya bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, kuingia, na ninamshauri kila anayetumia njia hii afanye hivyo hata kama itambidi ale chipsi kavu kwa wiki nzima. Desemba ikishafika nusu, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hufurika, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa mabasi ya njia nyingine ili yaje kuongeza nguvu, na katika msongamano huo walanguzi hupata riziki yao. Mwenzangu wa chumba, aliyengoja hadi tarehe 22, aliuziwa siti kwa karibu mara mbili ya nauli, kisha akaikuta imekaliwa na mama mwenye mtoto na tiketi halali. Mimi nililipa nauli ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, na siku ya safari hakuna aliyenidai nyongeza ya siti. Hilo ninawapongeza kwa dhati.

Basi lilitakiwa kuondoka saa 3 usiku, likaondoka saa 3 na dakika 40. Viti vilikuwa safi, ila tundu la kuchajia simu lililokuwa mbele yangu lilikuwa pambo tu. Jambo lililonituliza zaidi ni uendeshaji: madereva walikuwa wawili na walipokezana Korogwe, na kila mwendo ulipokaribia kuvuka kilomita 80 kwa saa king'ora kidogo kililia pale mbele, dereva akapunguza bila kubishana na abiria waliokuwa wakimhimiza. Tulisimamishwa mara mbili kuchimba dawa, na mara zote konda alihesabu vichwa kabla ya kuondoka. Saa 12 na dakika 10 asubuhi nilishuka Himo, njia panda ya kwenda Marangu, kumekucha, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kikiwa wazi bila wingu.

Thamani ya kufika saa hiyo ataielewa aliyesafiri kabla ya Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku baada ya miaka mingi ya katazo. Zamani tulipanda alfajiri, tukaimaliza siku nzima barabarani, tukafika nyumbani jioni tumechoka na kazi zote zimekwisha. Safari hii nilifika wakati shangazi zangu wanamenya ndizi za mtori, nikapewa kisu kabla sijavua viatu. Treni ya Moshi, iliyorejea mwaka 2019, ina nauli nafuu zaidi, lakini haiendi kila siku na safari yake ni ndefu; kwa mwenye likizo fupi ni vigumu kuitegemea.

Sasa nije kwenye mizigo, maana hapo ndipo kampuni hii ilipoharibu. Bibi alikuwa ameagiza nazi, ambazo kwetu mlimani hazioti, nami nikafunga nazi 15 kwenye kiroba, nikaweka kando begi lenye doti ya khanga niliyomnunulia. Vyote kwa pamoja havikufika kilo 20 ambazo tiketi yao yenyewe inasema husafirishwa bure. Konda alikitazama kiroba akasema, "Dada, huu una gharama yake, toa elfu tano." Nilipomwonyesha maandishi nyuma ya tiketi, alijibu, "Hayo ni ya miezi mingine, hii ni Desemba." Nilitoa elfu tano, risiti sikupata. Buti lilipofunguliwa Himo, kiroba kilikuwa chini ya sanduku la bati la mtu mwingine, nazi nne zimepasuka na maji yake yamelowesha begi pamoja na khanga. Konda alisema pole, akafunga buti, wakaondoka. Nazi zilizopasuka tulizikuna siku hiyohiyo kwa ajili ya wali. Khanga ilifuliwa na kuanikwa, na bibi aliivaa kanisani ikiwa na baka dogo pembeni ambalo yeye hakuliona, lakini mimi niliendelea kuliangalia ibada nzima.

Kwa alama kumi ninawapa saba, na tatu zote zimebaki ndani ya buti.

Mwaka huu nimeshakata kwao tena, tarehe 20 Desemba, siti ya dirishani. Nazi nitazifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, khanga nitaipakata, na kama elfu tano itadaiwa, nitaomba risiti kabla buti halijafungwa. Juzi bibi alipiga simu kuuliza siku nitakayofika, ili ajue ndizi za mbege, pombe yetu ya kienyeji, azivundike lini.