Trela za kwanza: nimeziangalia tena, sauti nimezima

Nina tabia moja: nikiipenda trela ya gemu, ile video fupi ya kuitangaza, naiangalia mara ya pili bila sauti. Kinachotulevya mara nyingi ni muziki. Ukishauzima unabaki na picha peke yake, na hapo ndipo unapojua umeonyeshwa nini. Juzi nilizirudia hivyo trela za kwanza za gemu kadhaa za mwendelezo, baadhi nimeshazicheza, nyingine bado nazingoja.

The Elder Scrolls VI ilitangazwa Juni 2018 kwa kionjo kisichofika hata dakika moja. Milima, pwani kwa mbali, jina, kwisha. Bila sauti ni kama picha ya kalenda. Metroid Prime 4, ya 2017, hata mlima haikuwa nao, ni nembo tu. Mwanzoni mwa 2019 Nintendo wakatangaza kwamba kazi inaanza upya mikononi mwa Retro Studios, na gemu ikatufikia Desemba 2025. Wengi hukasirishwa na vionjo vya aina hii. Mimi sina ugomvi navyo. Asiyesema kitu hajakudanganya, kakuweka foleni tu.

Ninayoigombeza ni trela ya Dead Island 2 ya 2014. Kijana anakimbia mazoezi ufukweni Los Angeles, vifaa vya kusikilizia muziki masikioni, nyuma yake mji mzima unaliwa na mazombi naye hana habari, hadi anageuka zombi mwenyewe. Nilicheka hadi machozi, na hata bila sauti inachekesha. Tatizo ni kwamba ni katuni fupi nzuri, basi. Hakuna sekunde inayokuonyesha unashika nini, unapiga vipi, unakwenda wapi. Gemu ikapita kwa watengenezaji watatu na kutoka Aprili 2023. Niliyoicheza haikuwa mbaya, ila tulikuwa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Grand Theft Auto VI iko katikati. Trela ya Desemba 2023 ilivuja kabla ya saa yake, Rockstar, watengenezaji wake, wakalazimika kuiachia mapema. Ni dakika moja na nusu hivi, na ukiizima sauti ndiyo inazidi kunoga: kila fremu ina watu, kila mtu ana shughuli yake, mamba anaingia dukani kama mteja. Mji umeuona. Wewe utafanya nini ndani ya mji huo, hujaonyeshwa. Mwishoni paliandikwa 2025, tarehe ikasogezwa hadi 2026. Kwa picha naipa alama za juu. Kwa tarehe, sifuri.

Sasa njoo kwa trela ya gemu ya Zelda ya 2019, ile iliyokuja kuitwa Tears of the Kingdom. Hata jina haikuwa nalo! Link, shujaa unayemchezesha, na binti mfalme Zelda wako chini ya ardhi na mwenge, wanakuta maiti iliyokauka imeshikiliwa na mkono unaong'aa kijani, kisha ngome inainuka. Miaka minne baadaye, Mei 2023, nikawasha gemu, na dakika za kwanza nikajikuta natembea kwenye giza lile lile kuelekea maiti ile ile. Nilisimamisha mchezo nikaitafuta trela kulinganisha. Walituonyesha mlango wa nyumba yenyewe, wakaficha vyumba: visiwa vya angani na ufundi wa kuunganisha magari kwa mbao havikutajwa kabisa.

Kuna uongo mmoja tu niliousamehe: Metal Gear Solid 2, mwaka 2000. Walituonyesha Snake, shujaa wa mfululizo huo, melini kwenye mvua, ila hawakusema kwamba baada ya meli hiyo utacheza sehemu kubwa ya gemu ukiwa mtu mwingine kabisa.

The Witcher 4 ya Desemba 2024 nimeiangalia mara tatu, zote na sauti. Wenyewe waliandika kwamba picha zile zilitayarishwa kabla, si uchezaji. Kuizima sauti bado najipa moyo.