Shivalik au Talwar: frigeti ipi ya India ni bora?
Wapenzi wa manowari hawaishi kubishana juu ya aina hizi mbili za frigeti, yaani manowari za ukubwa wa kati. Kwa silaha hazipishani sana: zote hubeba makombora ya kupiga meli na ya kutungua ndege, na kuta zake zimeinamishwa ili mawimbi ya rada yasirudi yalikotoka.

Ubishi wa kweli uko kwenye injini. Shivalik, iliyojengwa Mumbai, hutumia dizeli kwenye mwendo wa kawaida na kuwasha tabaini za gesi (injini zinazozungushwa na gesi moto) inapokimbiza. Talwar ni tabaini tupu, na mafuta huyanywa kweli. Tena tabaini hizo ni za Ukraine, ilhali meli imeundwa Urusi. Urusi na Ukraine zilipokosana 2014, India ililazimika kuzinunua yenyewe na kuzipeleka Urusi, na Tushil, mojawapo ya Talwar mpya, ikaanza kazi Desemba 2024. Kwa vipuri, mimi naiamini Shivalik.

Ila Talwar ya kwanza ilichukua miaka minne tu tangu kulazwa mkuku (kuanza kuundwa) 1999, Shivalik, tisa. Anayehitaji meli upesi atafute Talwar. Mwenye doria ndefu na helikopta mbili za kubeba, Shivalik ndiyo yake.