Wamenilipa dhahabu, paladiamu wakainyamazia

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Nina maabara ndogo ya meno. Kazi yangu ni krauni na briji, yaani vifuniko vya meno na meno bandia yaliyounganishwa, na mabaki situpi: vijiti na vibonge vinavyobaki baada ya kumimina madini, krauni za zamani zilizotolewa vinywani, hata vumbi la kusugulia linalonaswa na mfuko wa mashine ya kufyonza. Mtungi ulichukua zaidi ya miaka miwili kujaa. Kabla ya kuutuma kwa hawa wasafishaji wa madini ya thamani nilimwaga vyote mezani nikapima: vipande gramu 286, na vumbi kwenye mfuko wake, zaidi ya kilo moja. Nikapiga picha namba za mizani zikionekana. Mali bila daftari hupotea bila habari, nilifundishwa hivyo tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi hii.

Pesa zilifika upesi, hilo siwanyimi. Kasha la kusafirishia mzigo walilileta bure, na mapokezi ya mwanzo yalikuwa mazuri kweli. Shida ni karatasi ya hesabu. Mstari mmoja! Dhahabu, gramu kadhaa, jumla ya malipo, basi. Paladiamu, madini meupe ya thamani, haipo. Platinamu haipo. Fedha, ile ya madini, haipo. Walipokea uzito gani, hakuna. Baada ya kuyeyusha ulibaki uzito gani, hakuna. Vumbi langu halikutajwa hata kwa neno moja.

Nikapiga simu. Akapokea kijana, nikamweleza taratibu. Akanijibu, "Dada, zile nyeupe ni chuma tu. Sisi tumekulipa za njano."

Jamani.

Katika ule mtungi kulikuwa na briji moja ya meno manne niliyoimimina mwenyewe, ikarudi kwa sababu kauri, ile ngozi ya juu inayofanana na jino, ilipasuka. Ilikuwa ya kijivu, ina mkwaruzo mdogo pembeni ambapo mkono wangu uliteleza wakati wa kusugua. Ukiishika ulisikia uzito wake kiganjani, si wepesi ule wa nikeli na kromiamu. Karatasi iliyokuja na aloi ile, yaani mchanganyiko wa madini, bado ninayo kwenye faili: zaidi ya nusu ni dhahabu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni paladiamu. Paladiamu ndiyo inayoifanya dhahabu ipoteze unjano wake. Na haikuwekwa pale kwa urembo. Dhahabu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, paladiamu kwenye 1,555, platinamu kwenye 1,768. Aloi ya dhahabu ya kubeba kauri inahitaji mojawapo ya hizo mbili, au zote, ili isilegee kauri inapochomwa tanurini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua haya. Sasa mtu anayelipwa kwa kusafisha madini ya thamani anaangalia rangi, anasema chuma?

Nikamuuliza walipima kwa njia gani. Akasema kwa mashine ya eksirei, kipande kwa kipande. Ile mashine inasoma ngozi ya juu tu ya kipande, na krauni zangu nyingi zilikuwa bado zimeshikwa na kauri na saruji ya kugandishia meno. Mzigo mchanganyiko kama ule unayeyushwa wote kwanza, unakorogwa mpaka uwe kitu kimoja, sampuli inachotwa ungali moto, ndipo inapelekwa maabara kupimwa. Vumbi nalo linachomwa, linasagwa, linachekechwa, linapimwa peke yake. Nilipomwambia hivyo akanikatiza: "Kwani dada unataka kutufundisha kazi?"

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Uzito lazima upungue. Kauri si madini, jino lililong'ang'ania krauni si madini, na katika vipande vyangu nikeli na kobalti hazikukosa. Wangeniandikia kwamba gramu 286 zimekuwa 200 ningekubali bila neno. Na sina uhakika kwamba waliiba. Huenda ni watu waliozoea pete na mikufu, wakadhani chakavu cha meno ni hicho hicho. Siku ile nilikata simu nikijiambia ni uzembe tu.

Kesho yake nikapiga tena kuomba jambo moja: kama zile nyeupe ni chuma tu, basi hazina faida kwao, wanirudishie. Na kama waliyeyusha, wanipe kipande cha sampuli nikapimishe kwingine. Kijana yule yule akasema haiwezekani, vyote vimeshachanganywa na mali za wateja wengine.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani usiku mwingi. Kama ni chuma kisicho na thamani, mlikichanganya na nini, na kwa nini? Chuma tupu huwekwa kando, hakitiwi chungu kimoja na dhahabu ya watu. Nilisema ni uzembe. Nalifuta neno hilo.

Nilikuwa nimebakiza vibonge vichache vya aloi ile ile kwenye droo. Nikavipeleka kwa wasafishaji wengine, gramu 31 tu. Hao walipima mbele yangu, wakaandika uzito wa kabla na wa baada, wakaniletea karatasi yenye mistari minne, dhahabu, platinamu, paladiamu na fedha, pamoja na kipande kidogo cha sampuli kwenye bahasha iliyofungwa. Ada yao ni kubwa kuliko ya wale wa kwanza na nilisubiri muda mrefu zaidi. Paladiamu ilikuwepo, karibu sawa kabisa na ilivyoandikwa kwenye faili langu.

Mtungi mpya umeshaanza kujaa. Ukifika nusu nitaubeba mwenyewe, na nitasimama pale pale mpaka chungu kipoe.