Mashine ya kuweka wembe: niliyoiacha na niliyobaki nayo

Nianze na shingo maana ndo iliyonifikisha huku. Mie nipo Tanga, nakaa Sahare, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja upande wa Raskazone, na masharti ya pale ni kidevu safi kila siku, hutaki shika njia uende. Ndevu zangu sio nyingi ila ni ngumu kama nyuzi za mkonge na zinajikunja, na kwa miaka kama mitano nilikuwa natumia zile sheva za kutupa zenye nyembe mbili, zikiniumiza napanda kwenye zile za nyembe tano za bei mbaya, na kila nilivyoongeza nyembe ndo vipele vilivyozidi, mpaka ikafika hatua mgeni anaandika jina kwenye daftari macho yake yapo shingoni kwangu.

Kinyozi wangu wa Makorora ndo alinifungua macho. Akaniambia kaka, hizo nyembe nyingi ndo ugonjwa wenyewe. Ule wa kwanza unauvuta unywele nje kidogo, wa pili unaukata ukiwa umevutwa, ukirudi ndani unakuwa umekatwa chini ya ngozi kabisa. Mwenye nywele zilizonyooka haimsumbui, unaota unatoka. Sisi wenye nywele za kujikunja ile ncha inageuka inatoboa ngozi kutokea ndani, inavimba, hicho ndo kipele. Akasema tafuta mashine ya zamani ile ya kuweka wembe mmoja wa makali mawili, inakata usawa wa ngozi basi haizami. Hiyo ya babu zetu? Ndiyo, hiyo hiyo.

Sasa hapo ndo nikafanya ujinga wangu wa kwanza, nikanunua kwa macho. Nilikuta moja mjini inang'aa kama kijiko cha harusi, elfu kumi na mbili, ile ya kipepeo, yani ukizungusha kitako cha mpini kichwa kinafunguka milango miwili, unadumbukiza wembe, unazungusha tena inajifunga. Nikasema hii ndo rahisi kwa mtu anayeanza, hakuna kugusa wembe. Sitaji jina, na sijui hata kama ilikuwa na jina. Kufika nyumbani nikanyoa, upande mmoja laini kabisa, nikageuza upande wa pili ikanichana hapa chini ya taya, damu mpaka kwenye shati la kazi. Nikajua ni mimi. Kesho yake tena, upande ule ule.

Ilinichukua wiki nzima kugundua. Ukifunga wembe iangalie mashine kwa juu, uiinue kwenye mwanga wa dirisha, tazama ukingo wa wembe unavyochungulia huku na huku. Ukiona upande mmoja umetoka kuliko mwingine usinyoe nayo, utakuwa unanyoa na mashine mbili kwa wakati mmoja, moja pole na nyingine katili. Ya kwangu ile milango haikuwa inafunga sawa, imelegea kwenye bawaba, na hakuna cha kurekebisha pale. Kuna za kipepeo nzuri sana za zamani, sikatai, ila kitu chenye bawaba na milango kinataka fundi aliyekitengeneza kwa umakini, na kwa elfu kumi na mbili umakini hauuzwi. Mwezi wa pili ule mng'aro ukaanza kubanduka vipele vipele, na hewa yetu hii ya chumvi ndo ikamaliza kazi. Kumbe ndani ni zinki imepakwa kromu juu juu, kromu ikiachia tu basi.

Nilitaka kurudi kwenye za kutupa. Aliyenizuia ni mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa Ngamiani, barabara ya 12, nimemkuta jioni na plasta mbili shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huko kwenu mnanyoa au mnachuna?"

Watu wakacheka, nikamweleza, akaniuliza swali moja tu, unaigandamiza? Nikasema kidogo. Akasema basi hapo hapo. Akachukua kijiko cha kahawa akakishika kwa vidole viwili kwenye ncha ya mpini akakitembeza shavuni kwake, hivi, uzito wake unatosha, wewe kazi yako ni kuiongoza tu isianguke. Zile za plastiki ni nyepesi ndo maana zimetuzoesha kukandamiza, ukija na mkono ule ule kwenye chuma utajichinja.

Kwa hiyo nikarudia kutafuta safari hii kwa akili. Vitu nilivyokuwa naviangalia ni vichache. Kwanza iwe ya vipande vitatu, kofia ya juu, sahani ya chini na mpini, unalaza wembe katikati unakaza kama skrubu, hakuna kinachocheza humo ndani na ukitaka kuosha unafungua yote unasuuza. Pili sahani iwe na ukingo mzima, sio ile yenye meno kama kitana. Ya meno inafaa mwenye ndevu za wiki nzima maana haizibi haraka, lakini kwa anayenyoa kila siku na mkono bado mgeni, ukingo mzima unainyoosha ngozi kabla wembe haujafika. Tatu, na hili hawalisemi dukani, iwe pole. Kuna nafasi ndogo kati ya ukingo wa wembe na ukingo wa sahani, ikiwa kubwa mashine inakuwa kali, inakata sana na inasamehe kidogo. Zipo pia za kurekebisha, unazungusha namba unaongeza ukali, nikajijua mie mwenyewe nikaziacha, ningezungusha tu mpaka mwisho siku ya kwanza.

Nikaangukia Mühle R89, ya Ujerumani. Shemeji yangu yupo melini, akaipata huko Hamburg akaniletea, pamoja na kila kitu ikanitoka kama laki moja na kidogo. Najua, laki kwa mashine ya kunyolea, mke wangu alinyamaza ile ya kunyamaza. Lakini hesabu yangu ilikuwa hivi, kile kipakiti cha vichwa vya nyembe tano kilikuwa kinanimaliza elfu kumi na tano mpaka ishirini na hakifiki miezi miwili, wakati wembe mmoja wa kawaida dukani ni mia mbili, na unanipa kunyoa mara nne au tano. Piga mwenyewe.

Nikaenda kuipima kwenye mizani ya muuza viungo, alinishangaa, ikasoma gramu sitini na kitu. Sio nzito ya kukuchosha ila unaisikia mkononi. Kichwa kinakaa sawa, nimeinua dirishani pande zote mbili nywele kwa nywele. Mpini una mikato midogo midogo ila nitakuwa mkweli, mkono ukiwa na povu unateleza, hasa ukitaka kukaza kofia, kausha vidole kwanza. Kasoro nyingine ni kwamba ncha za wembe zile fupi zinachungulia pembeni ya kofia, nimejikata sikio, sio shavu, sikio! Ila hizo hizo ncha ndo unazozishika ukiwa unakaza, usishike kwenye makali, wembe wenyewe una unene wa sehemu ya kumi ya milimita, unapinda, ukiukaza umepinda ushaharibu.

Namna ya kuiweka usoni nilijifunza kwa sikio. Unalaza kofia shavuni mpini umesimama nje, alafu unaushusha mpini taratibu mpaka usikie ile krr krr, hapo umefika, ni kama nyuzi thelathini hivi. Ukishusha zaidi unaparua. Zima redio ukinyoa, nipo serious, mlio unakwambia kila kitu.

Nyembe nazo. Shemeji alileta mchanganyiko nijaribu, kumbe hilo ndo bora kuliko kununua pakiti kubwa ya aina moja kwa sababu jirani anaisifia. Feather za Japani ni kali mno, zilinipita kimya kimya nikaja kushtuka kwenye kioo. Derby za Uturuki ni pole ila kwa ndevu zangu zilikuwa zinavuta. Astra za pakiti ya kijani ndo zimenikaa, katikati ya hizo mbili. Wewe zitakukaa nyingine, ngozi haifanani. Wembe wa mojamoja wa dukani nautumia nikiishiwa lakini naangalia karatasi yake haijafunguliwa wala haina alama ya kutu, huku pwani wembe unaweza ukaoza ukiwa bado dukani.

Huyo King Gillette mwenyewe aliyeanzisha hizi habari za wembe wa kutupa alikuwa Mmarekani muuza vizibo vya chupa, mwaka wa kwanza wa kuuza, 1903, aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata akauza mashine zaidi ya elfu tisini. Baadaye biashara ikahamia kwenye nyembe kuliko mashine na mpaka leo ni hivyo hivyo, ndo maana hivi vichwa vya kisasa ni vya kampuni yenyewe tu havikubali kingine, wakati wembe wa makali mawili wa kampuni yoyote unaingia kwenye mashine ya kampuni yoyote.

Sasa kitu kilichonisumbua kuliko mashine, maji. Kwetu Sahare bomba likikata tunatumia kisima, na maji ya visima vingi huku, nadhani kwa sababu Tanga yote imekaa juu ya mawe ya chokaa, sabuni haitoki povu, unasugua brashi mpaka mkono unauma unapata ukoko mweupe kwenye beseni na ngozi kavu. Nilikuwa nalaumu sabuni, nimebadilisha tatu. Mvua za masika zikaja nikakinga ndoo, sabuni ile ile ikapanda povu kama mtindi! Tangu hapo nina dumu la maji ya mvua la uso tu, lita moja inatosha kabisa. Kama huna, ya bomba, na kama ni kisima tu basi tia sabuni nyingi maji kidogo kidogo. Watu watakwambia upake mafuta ya nazi kwanza, nimejaribu, yananukia vizuri lakini yaliniulia povu na wembe ukajaa uji.

Shingoni kwangu ndevu za chini zinaota kwenda juu na za juu zinaota kwenda chini, nimejua hilo nina miaka thelathini na nne. Pitisha kiganja siku ambayo hujanyoa, kule kunakoteleza ndo kunakoelekea ndevu, fuata huko. Mie nanyoa kwa kufuata tu, mara mbili, sivuti ngozi na sirudi kinyume hata siku ya harusi, maana ukirudi kinyume unaukata unywele chini kama zile nyembe tano na umerudi ulikotoka. Haiwi laini kama ya mtoto. Msimamizi hajalalamika.

Nikimaliza napaka shabu, kile kipande kinachofanana na barafu, kinauzwa rahisi tu kwenye maduka ya dawa za asili, unakilowesha unakipitisha. Kinapochoma zaidi ndo ulipogandamiza, kwa hiyo ni mwalimu pia. Ndimu niliweka mara moja kwa ushauri wa fundi baiskeli. Sitaki kuzungumzia.

Matokeo: wiki mbili za kwanza vibaya, usidanganywe, nilikuwa bado natoa vile vipele vya zamani na mkono haujakaa. Kuanzia kama wiki ya sita vikapungua, sasa ni mwezi wa nane tangu nianze na hii, vimebaki viwili vitatu chini ya taya upande wa kushoto, vinakuja nikiwa na haraka ya shifti ya asubuhi. Haraka na hii kitu haviendani, ukiwa na dakika tatu tu nenda na ya kutupa. Na ukipanda ndege na begi la mkononi nyembe hawakuruhusu, mashine yenyewe bila wembe hawanisumbui. Nyembe zilizokwisha naziingiza kwenye kopo la maziwa nimelitoboa mfereji juu, watoto wanacheza kwenye takataka na kuna waokota makopo, usitupe wembe wazi. Wala usimwazime mtu wembe wako, hata mdogo wako.

Mdogo wangu yeye ile ya kipepeo aliiomba, nikampa, nikadhani ananyoa. Juzi nimemkuta ufukweni ameifunga mpini kwenye mshipi kama chubwi, anasema inazama vizuri.