Uzoefu wangu: DVD za katuni za kale, unacheka huku mwili unasisimka

Nilizinunua mtandaoni, diski mbili kwa shilingi 38,000 pamoja na usafiri, baada ya kuona kipande kifupi kwenye simu na kukosa usingizi. Muuzaji simtaji, maana nina ugomvi naye, nitaueleza.

Diski ya kwanza niliiweka saa nne usiku, na hapo ndipo nilipokosea. Inaanza na The Skeleton Dance ya mwaka 1929, ya studio ya Walt Disney, iliyochorwa kwa sehemu kubwa na Ub Iwerks. Makaburini bundi anatoa macho, paka wanagombana, kisha maiti waliobaki mifupa mitupu wanatoka kucheza dansi. Mmoja anamchomoa mwenzake mifupa ya mapaja na kumpiga nayo mgongoni kama marimba. Hakuna anayedhurika. Nilicheka sana, halafu nikashtuka kwamba miguu nimeipandisha kwenye kochi.

Lakini waliofanya pesa yangu isipotee ni ndugu wawili wa New York, Max na Dave Fleischer, waliomleta Betty Boop, msichana wa katuni mwenye sketi fupi, mwaka 1930. Kwao hakuna kitu kinachotulia. Saa ya ukutani, jiko, gari, vyote vina sura na vinanesanesa kwa mdundo mmoja, kama nyumba nzima imepandisha mashetani. Tena sauti nyingi zilirekodiwa baada ya picha kukamilika, kwa hiyo unamsikia mtu ananong'ona na midomo imefumba. Hilo peke yake lilinitia baridi kuliko sinema zote za majini ninazozijua.

Ninayoirudia kila mara ni Minnie the Moocher ya 1932. Kwanza unamwona mwimbaji wa jazi Cab Calloway mwenyewe, mtu wa nyama na damu, akijinyonganyonga mbele ya bendi yake. Dakika chache baadaye Betty yuko pangoni, na linatokea zimwi la mnyama wa bahari za barafu, yule mwenye meno mawili marefu kama ya ndovu. Linaimba kwa sauti ya Calloway, na mwendo ni wake vilevile! Max alikuwa na hataza ya kifaa kiitwacho rotoskopu tangu 1917: mtu anapigwa filamu, kisha picha moja moja inamulikwa kwenye kioo na mchoraji anaifuatisha kwa mkono. Kwa hiyo ndani ya lile limwili la wino kuna mabega ya mtu halisi. Jicho linalitambua hilo kabla akili haijaelewa.

Sasa ugomvi. Diski ya pili imetiwa rangi na kusafishwa mpaka mikwaruzo yote imekwisha, na weusi wa pango umekuwa zambarau ya maji ya zabibu. Juu ya hayo, picha imevutwa ijae televisheni za siku hizi, ikakatwa juu na chini. Betty anaongea hana paji la uso. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba wateja wengi wanapenda rangi. Haya.

Jingine la kujiandaa nalo: katuni kadhaa zina michoro ya kuwadhihaki watu weusi, midomo kama mkate na kadhalika. Zinachukiza, na jaladani hakuna onyo lolote. Nyingine zina utani wa kikubwa, hasa zilizotoka kabla ya 1934, mwaka ambao Hollywood ilikazia kanuni zake za maadili na sketi ya Betty ikaanza kurefuka. Tazama mwenyewe kwanza kabla hujawaita watoto.

Diski ya kwanza naipa nyota 5, ya pili 1. Kama yupo anayeuza ya kwanza peke yake, mnunulie huyo. Mpwa wangu wa miaka minane, aliyekimbilia jikoni siku aliyoiona mara ya kwanza, sasa anaidai kila Jumamosi, ila mchana, na mlango uwe wazi.